Mama Mkwe Ameikimbia Meza Yetu

Shangazi wa ukurasa wa nne, shikamoo. Nipe sikio lako lote leo, maana mimi ni msusi, kutwa nzima nasikiliza ya wenzangu, mabwana waliohama nyumba, mawifi wenye midomo, mashoga waliogombana kwa sababu ya kitenge, na kila mmoja nina jibu lake, lakini hili la kwangu limenishinda, na nikilitaja saluni asubuhi, mchana litakuwa limeshafika sokoni.

Najua wanaokuandikia kuhusu mama wakwe wote wanataka waondoke. Mimi wangu namtaka abaki, na yeye ndiye anataka kuondoka. Cheka tu, hata mimi ningecheka kama lisingekuwa langu.

Huyu mama alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza mpaka akastaafu, mgongo bado umenyooka na sauti bado ya kuita watoto walioko ng'ambo ya uwanja, na alikuja kukaa kwetu baada ya kuanguka nyumbani kwake alikokuwa anaishi peke yake, akaumia goti, akalala sakafuni mpaka jirani alipopita kuomba kiberiti, ndipo mume wangu akasema basi, mama harudi tena kule. Mwanzoni nilikuwa roho juu, nikasema sasa nimepata mkaguzi wa jikoni, kumbe nimepata mama. Mama yangu mzazi nilimzika nikiwa bado msichana wa shule, Shangazi, na sikuwahi kujua kwamba mtu mzima anaweza kusubiriwa na mama yake akitoka kazini. Huyu ananisubiri. Ananiita Vidole kwa sababu ya kazi yangu, jioni tunakaa naye kibarazani ananisaidia kuchambua nywele za kusukia, mimi namhadithia wateja wangu yeye ananihadithia wanafunzi wake, tunacheka mpaka mume wangu anauliza kuna nini huko nje.

Sasa nije kwenye meza, maana mambo yote yameanzia hapo au mimi ndivyo ninavyoona. Mume wangu ni fundi wa lifti, na hoteli moja anayoifanyia kazi ilikuwa inabadilisha samani, basi akapata meza ya watu wanane na viti vyake, mbao nzito hasa, ilibidi waifungue miguu ndipo ipite mlangoni, na ilipokwisha kukaa, chumba chote kikawa meza. Nikamwambia baba watoto, sisi tuko watano, hii ni meza au uwanja wa ndege? Akaniambia tangu utoto walikula mkekani, mama yake anawaambia kaeni wima, siku moja mtakula mezani, na alijiapiza kwamba siku hiyo mama atakaa kwenye kichwa cha meza. Utamjibu nini mtu wa namna hiyo? Nikasogeza sofa ukutani.

Kati ya viti vile kimoja kina mikono na kitambaa chekundu, hicho ndicho tukampa mama, tukakiweka mwisho kabisa wa chumba, kabati la vyombo nyuma yake, ili akikaa atuone wote na mlango auone kule mwisho mwingine, ule wa kwendea nje na bafuni. Mume wangu na mimi tunakaa upande wa sofa, binti yetu wa sekondari na mdogo wake tunayemwita Bosi wanakaa upande wa ukutani, na viti vilivyobaki vimo humohumo katikati yetu, maana mume wangu hataki meza ionekane ina mapengo. Mama anaingia kwanza, sisi tunafuata tukijibanza, na tukishakaa hata paka hapiti. Siku ya kwanza mama alipokaa pale alilia, akafuta machozi, halafu palepale akatangaza sheria yake ile aliyowalea nayo wanawe, kwamba mtu akishakaa kula hanyanyuki mpaka wote wamalize. Bosi akasema bibi nimebanwa, bibi akamwambia haja huenda kabla ya kunawa mikono, meza si kituo cha basi. Tulicheka, na tangu hapo hiyo ndiyo ikawa kauli ya nyumba, ukinyanyua kiuno kidogo tu wote wanakuimbia, meza si kituo cha basi!

Tulikuwa na raha, Shangazi, sikufichi. Halafu mama akaanza kubadilika. Ni kipindi kile tulipotoka kliniki walipombadilishia dawa za presha, nakumbuka kwa sababu siku hiyo tulicheka njia nzima, kwa hiyo siyo kwamba tulikuwa tumegombana. Akaanza kukataa maji mezani, glasi yake anaigeuza chini juu. Akaanza kula matonge mawili matatu anasema nimeshiba. Mazungumzo yakipamba moto yeye anatuangalia kama mwalimu anayesubiri kengele, mara anasema malizeni basi chakula kinapoa, mara anamwambia mume wangu acha maneno mengi tafuna. Mume wangu alikuwa anapenda sana kuongea mezani, sasa anakula kama yuko jela.

Nikasema labda chumvi, nikapunguza chumvi. Nikasema labda kiti kigumu, nikamnunulia mto mnene wa sponji, ukamwinua juu kweli kama malkia, ingawa mapaja yakawa yanagusa mbao ya meza akawa anakaa upandeupande. Nikasema labda meza haina heshima, nikashona kitambaa kirefu kinachofika hadi magotini. Mume wangu naye hakukubali kushindwa, akasema mama anachoka kunyoosha mkono, akalitoa friji jikoni akaliweka pembeni ya kiti chake ili maji yawe karibu naye, na mama akaliangalia lile friji, akasema asanteni wanangu, kwa sauti ambayo mpaka leo sijaielewa. Hata vyombo vizuri vya kabatini hatuvitoi tena, milango inagonga kiti cha mama, tunakula kwenye sahani za plastiki kwenye meza ya hoteli. Mimi sina roho mbaya, Shangazi, hata saluni kwangu mteja mjamzito namkalisha karibu na mlango ili anyanyuke anapotaka, mwenye shingo mbaya namsuka huku amelalia mapajani kwangu, sasa kwa mama yangu nitafanya ubaya gani?

Kisha ikaja ile Jumapili. Mume wangu alialika wenzake wa kazini watatu, viti vyote vinane vikajaa, na mafundi wa lifti ukiwaachia wataongea lifti mpaka chakula kiote ndevu. Mama alikuwa kimya kwenye kiti chake amekamata mikono ya kiti kwa nguvu, jasho linamtoka, nikamwambia mama ongeza mchuzi, akasema asante mwanangu, sauti ndogo ambayo si yake. Wageni walipoaga akatuambia nendeni wote mkawasindikize, wote, na watoto pia. Nikaona ajabu lakini tukaenda. Kurudi tukakuta amejifungia bafuni, maji yanamwagika, muda mrefu, nikagonga nikasema mama kuna nini, akasema hakuna kitu Vidole, nimejimwagia mchuzi. Asubuhi nikakuta kwenye kamba gauni lake, kitambaa cha mto, na mto wenyewe mzima mzima unadondosha maji. Kufua mto wa sponji kwa tone la mchuzi! Doa lenyewe sikuliona. Nikajua basi, amechukia zawadi yangu, na bafuni mle alikuwa analia kwa uchungu.

Tangu siku hiyo hakai tena mezani. Anakula jikoni, kwenye kigoda karibu na mlango wa uani, sahani mapajani, na linaloniumiza ni kwamba huko anakunywa maji yake vizuri, anacheka, anamtania binti yangu akipita, ni mama yule yule. Ukimwita mezani anasema sina njaa. Wifi yangu alipokuja akamkuta pale akapandisha hasira, akasema mbele ya watoto kwamba nimemgeuza mama yao msichana wa jikoni. Mume wangu anakaa anakitazama kile kiti chekundu kitupu na hataki mtu akikalie.

Na sasa mama amesema mwisho wa mwezi anarudi kwake. Anasema goti limepona, na mimi namwona anavyoshika ukuta akitembea. Nimemwomba, nimemlilia, akanishika mikono akaniambia, "Vidole, hakuna aliyenikosea humu ndani. Mimi ndiye nimekuwa mtu wa kukaa peke yangu." Shangazi, nitalalaje huku najua yuko peke yake kwenye sakafu ile ile aliyoangukia? Mume wangu ameamua kuita kikao cha ndugu Jumapili ijayo, mezani hapohapo, mama akae kwenye kiti chake, aseme mbele ya wote nani kamkosea. Anasema kidonda hakiponi bila kutumbuliwa. Mimi naogopa atanitaja mimi. Nitajwe, sawa, lakini nataka kujua nimefanya nini. Nisaidie jamani, nampenda huyu mama.

Ni mimi, Mkwe Mng'ang'anizi.

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, Mng'ang'anizi. Kabla hujasoma mstari wa pili, weka gazeti chini, nenda kamwambie mumeo kikao hakipo. Sema Shangazi amekataa. Sema ndugu wana homa. Sema lolote, lakini mama huyo asirudishwe kwenye kile kiti mbele ya ukoo mzima na kuambiwa aeleze. Nenda, nakusubiri.

Umerudi? Haya. Vuta pumzi, maana sasa nitakugombeza, na nitakugombeza kwa mapenzi kwa sababu barua yako imenifanya nimpigie simu mama mkwe wangu mwenyewe, na nilikuwa sijampigia siku nyingi.

Hakuna aliyemkosea mama huyo. Alikwambia hivyo kwa mdomo wake na wewe hukumwamini, kumbe alikuwa anasema kweli tupu. Hajachukia chumvi yako, hajachukia mto wako, hajakuchukia wewe. Mmemheshimu, mwanangu, mmemheshimu mpaka mkamfungia ndani! Nyuma kabati, kulia wajukuu, kushoto mtoto na mkwe, na mlipoona amebakiwa na upenyo kidogo, mkaenda kuuziba kwa friji. Friji! Niliposoma hapo nilicheka kwa sauti mpaka mhariri akaja kuuliza, halafu niliposoma ile Jumapili nikaacha kucheka.

Isome tena Jumapili hiyo, polepole. Wewe ni mwanamke unayefua. Mchuzi gani huo usioacha doa, unaopita gauni, unaopita kitambaa, unaozama mpaka kwenye sponji? Hakuwa analia bafuni, au kama alilia haikuwa kwa sababu yako. Mama wa watu alikuwa amebanwa. Amekaa pale ameng'ang'ania mikono ya kiti, jasho linamtoka, wageni wanaongea lifti, na ili atoke ingebidi amsimamishe fundi, amsimamishe mwanawe, akusimamishe wewe, avutiwe kiti, alizunguke friji na lile goti lake, na watu wote saba wajue anakwenda wapi. Mwalimu! Mtu aliyewafundisha watoto wa watu wengi kuomba ruhusa! Akajikaza, akajikaza, mwili ukamshinda. Kisha akawatoa wote nje ili asionekane anavyonyanyuka. Hilo ndilo lililotokea, na ninyi mkasindikiza wageni.

Dawa za presha ulizitaja kana kwamba ni habari ya hali ya hewa. Zipo dawa za presha zinazokimbiza maji mwilini, ukimeza tu, choo ndicho kinakuwa ndugu yako wa karibu. Mimi nazijua kwa sababu nazimeza. Hapa ofisini nimeomba dawati la karibu na mlango, na mhariri anadhani napenda kuona nani anachelewa kazini. Sasa unaelewa kwa nini anageuza glasi? Unaelewa kwa nini anasema malizeni, tafuna, acha maneno? Mama hakuwa amechoka na mazungumzo yenu, alikuwa anahesabu matonge yenu. Na asingeweza kunyanyuka hata mngempa njia ya gari, kwa sababu sheria ni yake mwenyewe. Ameitunga, amewalea watoto nayo, amemfungia nayo Bosi siku ya kwanza, na nyumba nzima mnaiimba kama wimbo. Angeivunja vipi? Ndiyo maana jikoni anakunywa maji na kucheka. Kigoda kiko mlangoni, hakuna wa kumsimamisha.

Halafu wewe unaniambia saluni mjamzito unamkalisha karibu na mlango. Unajua, mwanangu! Unajua vizuri kuliko mimi! Mgeni anayekulipa unamsoma shingo, kiuno na kibofu, ukifika nyumbani unayempenda unamsoma moyo tu, unatafuta kinyongo, unatafuta wifi kasema nini. Sikulaumu sana, hata mimi kwa ninaowapenda huwa nadhani kila kitu ni habari ya moyo. Wakati mwingine ni habari ya kiti.

Basi sikiliza, na ufanye kabla ya hiyo Jumapili. Friji lirudi jikoni leo hii, halikuzaliwa sebuleni. Viti vitatu vitoke. Mumeo akisema meza itaonekana ina mapengo, mwambie mapengo ndiyo yanayomfanya mtu akae, na wageni wakija viti vitarudi. Kisha isukumeni meza nzima kuelekea kabatini, muache tu nafasi ya milango ya kabati kufunguka, na mwisho ule mtu asikae. Mmeshapata nafasi upande wa huku, wa mlango wa kwendea bafuni. Hapo ndipo kiti chekundu kikae, mwisho huu wa meza, kimegeuka upande kidogo ili asiupe mlango mgongo, na nyuma yake pasiwe na kitu kabisa, si stuli, si begi la shule, si kiatu cha Bosi. Pima hivi: mtu aliyebeba sinia apite nyuma ya mama bila kusema samahani. Nyinyi wanne kaeni pembeni mjibanze mnavyotaka, mna magoti mazima.

Mto wa sponji uondoke, umefanya kazi yake mbaya imetosha. Ngumi yako ipite kati ya paja lake na mbao ya meza, isipopita, kiti kiko juu mno. Mikono ya kiti iacheni, anaihitaji kujiinulia, lakini mkiangalie kisigonge ukingo wa meza kikamweka mbali na sahani mpaka anakula ameinama. Kitambaa cha meza kikate, kiishie juu ya mapaja, maana mtu mwenye goti bovu akinaswa na kitambaa atakuja chini pamoja na mchuzi, safari hii mchuzi wa kweli. Taa ya njia ya bafuni iwake kabla hamjaanza kula. Na kliniki umpeleke wewe, si mumeo, ukamuulize daktari kama saa ya kumeza zile dawa inaweza kusogezwa. Usizisogeze kwa akili yako, na usimwache aziache, maana mtu mwenye aibu anaweza kuziacha kimyakimya.

Sasa utasema nini wakikuuliza kwa nini unahamisha meza? Sababu unayo na ni ya kweli, umeniandikia mwenyewe: umechoka kula kwenye plastiki na kabati halifunguki. Gomba kidogo kuhusu vyombo vyako, wewe ni mwanamke mwenye nyumba, una haki ya kugomba. Mama asijue kwamba umejua. Asikuone hata machoni. Usimkumbatie ghafla, usimwambie pole, usimwambie mama mimi ni mwanao usinifiche. Hilo la bafuni ni lake, amelifua mwenyewe na amelianika mwenyewe, liache lilivyokauka. Barua yako nimeibadilisha hapa na pale ili hata akiisoma asijijue, ila usijaribu bahati, mwalimu hasomi juujuu. Ukimaliza ukurasa huu uchane.

Mumeo lazima umwambie, mkiwa wawili, kwa maneno machache. Atauma midomo, maana ile meza ni ndoto yake tangu mkekani, na hakuna kinachouma kama kugundua zawadi yako ndiyo imemfukuza uliyempa. Mshike mkono. Mwambie hajakosea kununua meza, amekosea upande tu. Kichwa cha meza hakikuandikwa na fundi seremala kwamba ni kule kabatini, ni popote atakapokaa mama yake. Wifi yako naye ukipenda mwambie, usipopenda mwache aje kula, umkalishe kiti cha pembeni kule ndani kabisa, karibu na kabati, aonje.

Imebaki ile sheria, na hiyo ndiyo kazi yako ngumu. Kiti kinahamishika kwa mikono, sheria ya mwalimu haihamishiki hivyo. Usimwombe aifute, ataona umemhurumia. Ivunje wewe. Siku ya kwanza ya meza mpya, chakula kikiwa katikati, nyanyuka ukachukue chumvi. Watakuimbia kituo cha basi, mama atakukazia macho ya darasani, rudi ukae ule. Dakika mbili, nyanyuka tena, umesahau kijiko. Akikugombeza, mwambie, "Mama, nisamehe, kutwa nzima nimekaa nasuka, miguu haitulii." Mumeo naye anyanyuke aitikie simu. Bosi aende chooni bila kuomba, na asisemwe. Kuweni familia isiyo na adabu kwa muda, mnyanyuke mnyanyuke mpaka kunyanyuka kuwe kitu cha kawaida humo ndani. Atawachukia kwa siku chache. Afadhali awachukie akiwa mezani.

Kuhusu mwisho wa mwezi, usimbembeleze tena. Umeshalia vya kutosha, machozi yako yanamwongezea mzigo, maana anakupenda na hawezi kukupa sababu. Hatabaki kwa sababu umemsihi. Atabaki siku atakapojua kwamba anaweza kuondoka mezani bila kuwasumbua.

Na siku hiyo itakuja, huenda ikawa katikati ya mazungumzo matamu, mumeo anaelezea lifti iliyokwama, utasikia kiti chekundu kinasogea. Usigeuke. Mume asigeuke, watoto wasigeuke, mtu asiseme bibi unakwenda wapi, mtu asiimbe. Endeleeni kula, endeleeni na hiyo lifti. Wewe Vidole nyoosha mkono tu, ufunike sahani yake isipoe, kwa sababu anarudi.